Kopo Lenye Picha ya Jogoo

Sehemu ya Tano

Wiki jana niliwaacha nimesimama jikoni kwangu Kiamunyi, uji wa wimbi unachemka, kijiko mkononi, na kopo lenye picha ya jogoo nimelificha chini ya aproni. Nimeambiwa wengi mlinilaani. Msomaji mmoja aliandika kwamba wanawake kama mimi ndio hufanya wasichana waogope kuolewa. Leo nitampa sababu zaidi.

Kwa wewe unayenisoma kwa mara ya kwanza, mambo yalikuwa hivi.

Mimi ni mjane, na nafuga kuku wa mayai mia tatu. Hao kuku ndio walimsomesha mwanangu wa pekee, Kigen. Tangu darasa la tatu yeye ndiye aliyewachanganyia maji yao kila asubuhi kabla ya shule, na ile vitamini ya kuku ilikuwa ikimwachia vidole vya njano mpaka wenzake wakampa jina la Vidole. Sasa ni mtu mzima, ana duka la vifaa vya ujenzi Mai Mahiu, na nyumbani hurudi wikendi.

Mke wake ni Lynn, msichana wa Lanet. Miaka minne ya ndoa, mimba mbili zimetoka. Ya tatu ilipofika wiki ya sita, Kigen akamleta kwangu na begi moja. "Mum, nakuachia," akasema. "Huyu asipotee." Sikujua kama alimaanisha mke au mtoto, nikakubali wote wawili.

Kliniki walimpa Lynn vidonge vya kuongeza damu, vile vya bure vya kila mjamzito. Vikamtapisha. Akaanza kuvitupa bandani kisiri, nikavikuta kwenye maranda ya mbao wanayolalia kuku. Badala ya kumuuliza, kama mtu mwenye akili zake, nikachukua vitamini ya kuku nikawa namtilia kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi. Kwa hiyo kuku wangu walikuwa wanadonoa dawa ya Lynn, naye Lynn anakunywa dawa ya kuku wangu. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi siku hizo nilikuwa najichekea peke yangu, nikijiona mjanja.

Wala nisimsingizie Jamleck, mwenye duka la dawa za mifugo. Aliponiuzia kopo lile la vitamini alisema, "Mathe, hii ata ukimpea mzee wako atataga." Mzee wangu alikuwa kaburini mwaka wa sita. Jamleck alikuwa anatania, nami nilijua anatania. Lakini kuku wangu walikuwa wametaga kweli, na mtu akitaka kitu sana, hata utani wa dukani anaufanya ushauri.

Sasa tuendelee.

Picha ya yule jogoo ndiyo iliyonikosesha amani. Kila nikifungua kabati ananitazama. Siku moja nikahamisha unga wote wa vitamini kwenye chupa tupu ya kahawa, nikaiweka nyuma ya maharagwe ya mbegu, na kopo nikalitupa chooni. Nikaona sasa nitalala salama.

Mwezi wa nne wa mimba, nywele za Lynn zikaanza kutoka.

"Kogo," aliniita akiwa amekaa mlangoni anajichana. Tangu mimba ipite miezi mitatu alikuwa ameacha kuniita Mum, akawa ananiita Kogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin chetu. Kwa ulimi wake wa Lanet jina lilitoka limepinda kidogo, nami nililipenda hivyo hivyo. "Kogo, kuja uone."

Chanuo lilikuwa limejaa. Hata kwenye mabega nywele zilikuwa zimelala.

"Na lips ziko hivi." Akanionyesha. Midomo ilikuwa imepasuka, ngozi inabanduka vipande. "Na kichwa inaniuma kila siku. Ni ka kuna mtu ananifinya hapa nyuma ya macho."

"Ni mtoto," nikamwambia. "Mtoto anakula yake kwanza. Wewe unabaki na makombo."

"Kwani anakula nywele?"

Tukacheka.

Sasa sikilizeni ujinga ulivyo. Mfugaji akiona kuku ananyonyoka manyoya, hamwiti daktari. Anasema huyu amepungukiwa, anaongeza vitamini kwenye maji, na baada ya wiki mbili manyoya yanarudi. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo nilipoona kichwa cha Lynn, sikufikiria kitu kingine chochote. Nilifikiria kijiko kimoja hakimtoshi.

Nikaweka viwili.

Wiki mbili zikapita na manyoya hayakurudi. Viganja vyake vikaanza kubanduka. Akawa anatapika tena, wakati wa kutapika ulishapita. Nikaanza kumpa na uji wa saa kumi jioni, nao nikautilia kijiko.

"Kogo, uji iko na uchungu siku hizi," alisema.

"Ni wimbi ya mwisho ya gunia. Kunywa."

Akanywa. Lynn hakuwa mtu wa kubishana na mimi. Angekuwa mkaidi kama wake za watoto wa majirani zangu, pengine leo nisingekuwa na hadithi ya kuandika gazetini.

Jumamosi Kigen akaja. Alimwangalia mkewe mara moja tu, akaweka chini mfuko wa nyama.

"Lynn, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Angalia vile umekuwa! Mum, huyu amefanya nini?"

Nilikuwa nasugua sufuria. Nikaendelea kusugua.

Kigen ni mtoto wa mfugaji, na mtoto wa mfugaji akiona mnyama ameharibika huanza na kukagua chakula. Akaingia chumbani. Akafungua begi la Lynn. Akatoka na chupa ya rangi ya waridi.

"Hii ni nini?"

Lynn akashika mlango. "Ni za nywele. Sue alinipea. Zilikuwa zinatoka sana, nikaona aibu."

Sue ni rafiki yake wa Lanet, anauza vitu kwa simu: mafuta ya uso, chai ya kupunguza tumbo, vidonge vya nywele na kucha.

"Unakunywa madawa ya online na uko na mtoto wangu kwa tumbo?"

"Ni vitamini, Kigen! Imeandikwa tu vitamini."

"Mbili zimetoka, Lynn! Mbili! Na bado unatafuta nywele?"

Lynn akakaa chini palepale sakafuni. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anavuta pumzi na kuirudisha.

Na mimi? Hapa ndipo ninapotaka mnisikie vizuri, kwa maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Mimi nilifurahi. Moyo wangu ulitulia kama mzigo umeshushwa. Nilijiambia, basi ni hizo. Ni zile za Sue. Si za kwangu. Nikafuta mikono, nikasimama karibu na mwanangu, nikatikisa kichwa.

"Hizi vitu za simu mimi sizijui," nikasema. "Vijana wa siku hizi mnameza tu."

Lynn akaniangalia. Nikageuza uso.

Jumatatu asubuhi tukaenda mjini kwa daktari, sisi watatu kwenye pikapu ya Kigen. Daktari alikuwa kijana anayeitwa Kihara, mpole, mwenye tabia ya kugonga meza na kalamu. Alimpima Lynn damu, akamwangalia ngozi, macho na ulimi. Kisha akachukua ile chupa ya waridi akaisoma pande zote, polepole, huku Kigen akimkazia macho.

"Hii si mbaya vile unafikiria," akasema.

"Si mbaya?" Kigen akashtuka.

"Sioni kama inamsaidia, lakini vitamini A yake ni ile ya karoti. Mwili unachukua yenye unataka, ingine unawacha. Hii haiwezi kunyonyoa mtu nywele. Na mama, umeanza kuikunywa lini?"

"Wiki tatu hivi," Lynn akasema. "Nywele zilikuwa zimeshaanza kutoka."

"Umeona?" Daktari akamgeukia Kigen. "Ugonjwa ulikuja kwanza, chupa ikafuata."

Kigen akainamisha kichwa. Lynn akaanza kulia, na safari hii alilia kwa sauti, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dirisha.

"Sasa nisikizeni," daktari akaendelea. "Kwanza, damu yake iko chini. Zile vidonge za kliniki, ulimeza?"

Lynn akapangusa macho. "Nilitupa. Zilikuwa zinanitapisha."

"Si ungerudi? Tungekuambia umeze na chakula, ama tubadilishe. Hizo ndizo ulikuwa unahitaji. Iron inaleta damu. Folic inasaidia kufunga uti wa mgongo ya mtoto, na hiyo kazi inafanyika mapema, hata kabla mtu ajue ako na mimba. Leo nakupea tena."

"Sawa, daktari."

"Pili." Akagonga meza na kalamu. "Nywele kutoka, midomo kupasuka, ngozi kubanduka, kichwa kuuma. Mtu anaweza kuona hivyo afikirie vitamini imepungua. Mimi naona ni kama kuna moja imezidi. Vitamini A, lakini si ya karoti. Ile ya wanyama. Unakula maini?"

"Hapana. Siwezi ata harufu yake."

"Mafuta ya samaki?"

"Hapana."

"Dawa ya chunusi ya kumeza?"

"Hapana, daktari."

"Si vitamini ni kitu mzuri?" Kigen akauliza.

"Ata chumvi ni nzuri, boss. Mwaga pakiti nzima kwa sufuria uone kama utakula."

"Na hiyo yenye imezidi, inatolewa aje?"

"Haitolewi. Vitamini C ukizidisha, mingi itatoka na mkojo. Hii inajiweka kwa maini, inakaa hapo. Unaacha kumeza, unangoja ipungue yenyewe."

"Na mtoto?"

Daktari aliacha kugonga meza.

"Mtoto huundwa hiyo miezi ya kwanza. Moyo, uso, masikio, kichwa. Ikizidi sana wakati huo, inaweza kumharibu. Nimesema inaweza. Wengi hutoka sawa kabisa. Ako wiki ya kumi na tisa sasa. Alhamisi tutafanya skani, tuangalie kiungo kwa kiungo."

Wiki ya sita aliletwa kwangu. Nilianza kuhesabu pale nilipokaa. Wiki ya saba nilikuta vidonge kwenye maranda. Wiki ya nane nilianza kijiko. Moyo. Uso. Masikio. Nilikuwepo kwa yote. Sikukosa hata asubuhi moja, maana mimi ni mtu wa ratiba.

"Mama." Daktari alikuwa ananiangalia mimi. "Wewe ndiye unampikia?"

"Ndio."

"Anakula nini sana?"

"Chakula ya kawaida. Ugali, mboga, mayai. Uji asubuhi na jioni."

"Uji unaweka nini?"

Sasa hapa, ndugu wasomaji, mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyeufunga. Ningesema neno moja tu. Mwanangu alikuwa amekaa kushoto kwangu, mke wake kulia, na wote wawili walikuwa wananiangalia bila shaka yoyote machoni.

"Wimbi," nikasema. "Maziwa. Sukari kidogo."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Daktari akasema kwa upole, "Mama, mficha uchi hazai. Hapa hakuna polisi."

"Mimi nilishazaa, daktari," nikamjibu.

Wakacheka. Kigen alicheka, Lynn alicheka na machozi usoni, hata daktari mwenyewe. Nami nikacheka nao. Nimetenda mabaya mengi katika hadithi hii, lakini kicheko kile ndicho kinachoniamsha usingizini.

"Basi," daktari akamwambia Kigen, "enda home, chukua kila kitu huyu anaweka kwa mdomo. Unga, chumvi, mafuta, majani ya chai. Weka kwa katoni uniletee leo kabla sijafunga. Nikijua ni nini na amekula kiasi gani, Alhamisi nitajua natafuta nini. Nisipojua, itabidi tuanze kumtoboa sindano juu ya sindano tukitafuta ugonjwa ya maini yenye pengine hana."

Tulipofika karibu na nyumbani Kigen akasimamisha gari kando ya barabara.

"Lynn, sorry."

"Ni sawa."

"Si sawa. Nilikuongelesha vibaya mbele ya mum."

Lynn alikuwa katikati yetu. Akachukua mkono wake mmoja akamshika Kigen, na ule mwingine akanishika mimi. Kiganja chake kilikuwa kinakwaruza kwa ile ngozi iliyobanduka.

"Kogo alikuwa tu na wasiwasi," akasema. "Wote mlikuwa na wasiwasi."

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Mayai ya kuku hayajaokotwa tangu asubuhi."

Saa nane tulikuwa nyumbani. Kigen akatafuta katoni, akaingia jikoni kwangu kama mtu wa serikali. Akachukua unga wa ugali. Akachukua chumvi, mafuta, majani, tangawizi. Kila alichoweka kwenye katoni alikiandika kwenye simu. Mimi nilisimama mbele ya kabati la chini nikijifanya nakunja vitambaa.

"Mum, hapo kuna nini?"

"Maharagwe ya mbegu tu. Ya kupanda."

"Hakuna kitu ingine?"

"Nakuambia ni maharagwe."

"Sawa." Akapita.

Aliniamini. Yule aliyekuwa akikagua begi la mkewe mpaka mfuko wa ndani hakuinama kuangalia kabati la mama yake. Nilipanga akitoka tu na ile katoni, nitaichukua chupa ya kahawa niizike bandani, chini kabisa ya maranda, na habari iishe hapo. Alhamisi Mungu ataamua. Ndivyo nilivyojiambia, kana kwamba Mungu ndiye aliyekuwa ameshika kijiko.

Lakini Kigen alikuwa anaingia na kutoka, anapanga vitu kwenye pikapu. Saa ya uji ikafika. Nikaupika. Wimbi, maziwa, sukari kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu wiki ya nane, uji wa Lynn ulikuwa uji kweli, kama nilivyomwambia daktari.

Nikamwekea kikombe mezani. Akanywa funda moja. Akalamba midomo yake iliyopasuka. Akanywa jingine.

Kisha akaweka kikombe chini na kunitazama kwa namna ya ajabu, kwa huruma kabisa.

"Kogo, umeacha kuweka?"

"Kuweka nini?"

"Ile kitu."

Nilishika ukingo wa meza.

"Mimi nilikuona," Lynn akasema taratibu. "Siku ya kwanza kabisa. Nilikuwa nimekuja kuchukua maji, nikakuona kwa dirisha ukitia na kijiko. Nikarudi polepole usinione."

"Lynn..."

"Nikajua ni dawa ya kwenu ya kushikilia mtoto. Ata nyanya yangu alikuwa na zake. Sikukuuliza juu najua hizo vitu ukiuliza zinaisha nguvu. Nilikuwa nakunywa tu na naomba."

"Na daktari leo," nikasema, "alipouliza..."

"Nilikufunika." Akatabasamu. "Niliona vile umesema hiyo tu, nikajua hutaki zitajwe. Na yeye alikuwa anauliza mambo ya vitamini. Hiyo si vitamini, ni miti shamba. Sikuona haja."

Majuto ni mjukuu, walisema wazee. Wangu alikuwa bado hajazaliwa na majuto yalishafika, yamevuta kiti, yamekaa mezani pangu yananipa pole.

"Lynn, mama, nisikize," nikasema. "Ile si dawa ya kwetu."

"Najua hutakiwi kusema."

"Si hivyo. Ile ni..."

"Kogo, usiogope." Akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Usiache juu ya daktari. Tafadhali. Wale wawili walitoka kabla sijawahi kukunywa hii uji. Huyu ndiye amekaa. Amekaa sababu yako. Ukiacha sasa, na akitoka, mimi nitafanya nini?"

Mimi, mwanamke ambaye sijawahi kushindwa na mdomo, si sokoni, si kanisani, si kwa mawakili wa shemeji zangu, nilikosa neno. Kila nililolishika lingemuua huyu mtoto wa watu hapo alipokaa. Na nikinyamaza, angeendelea kuomba sumu kwa machozi, na kuniita Kogo.

Akainuka. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana chini ya sweta. Akainama kwa shida mbele ya kabati la chini, akasukuma mfuko wa maharagwe, akaichukua ile chupa ya kahawa bila hata kuitafuta. Alijua mahali ilipo siku zote. Akaiweka mezani kando ya kikombe, akaufungua mfuniko mwenyewe.

"Weka," akasema. "Ata kidogo. Ndio nimalize uji."

"Siwezi."

"Basi sitakunywa bila."

"Bila nini?"

Kigen alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi kuchukua unga wa wimbi, kitu cha mwisho kwenye orodha yake.

"Wacha, Kigen," Lynn akasema haraka, akijaribu kuifunika chupa na mkono. "Hii ni mambo ya wanawake."

Alikuja mezani. Hakuwa na hasira, Jumatatu hiyo hasira zake zilikuwa zimekwisha. Alimwondoa Lynn mkono polepole, akaivuta chupa, akaichungulia. Akaleta pua karibu. Kisha akatia vidole viwili ndani, akavitoa, akavisugua pamoja kwenye mwanga wa dirisha.

Vilikuwa vya njano.

Nilimwona mwanangu akirudi miaka ishirini nyuma mbele ya macho yangu. Alivitazama vile vidole muda mrefu. Nje kuku walikuwa wanapiga kelele zao za jioni za kudai maji.

"Lynn," akasema bila kuinua macho. "Hii umekunywa tangu lini?"

"Karibu tangu ulinileta hapa." Lynn alikuwa anatabasamu, mkono mmoja juu ya tumbo, anafurahi kwamba sasa siri imetoka na hakuna aliyegombana. "Asubuhi, na siku hizi ata jioni. Lakini ni kiasi gani, muulize Kogo. Yeye ndiye anajua kipimo."

Kigen akanigeukia, vidole vyake viwili bado viko juu, akangoja nimwambie.